Safu ya Mwisho kwenye Daftari la Rula

Shemeji yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, wagonjwa wanamwita Rula, na jina limemkaa. Kila akiandika mtu kwenye daftari la kifua kikuu anaweka rula chini ya jina, anapiga mstari kwa wino mwekundu, kisha anaifuta rula kwa kitambaa na kuirudisha mfukoni. Miaka kumi na tisa amekaa kwenye chumba kile cha pembeni cha zahanati, madirisha wazi mvua inyeshe isinyeshe, na mtu akilalamikia baridi anaambiwa avae sweta. Siku niliyoanza kutibiwa, mimi ninayelala kwake na kula mezani kwake, aliniuliza jina la kwanza, la pili na la tatu, utadhani hajawahi kuniona.

Nilimchukia kwa hilo. Mwezi wa sita nikamchukia zaidi.

Mimi ni mpishi. Nilikuwa napikia shule ya bweni, watoto mia tatu, na ugonjwa uliponiangusha mwalimu mkuu aliahidi kunishikia nafasi yangu mpaka muhula mpya, mradi nirudi na barua ya zahanati inayosema nimepona. Basi nikameza vidonge miezi sita, mkojo rangi ya machungwa, viungo vinauma, nahesabu siku kama mfungwa. Siku ya mwisho niliondoka nyumbani nimenyoa ndevu na shati limepigwa pasi.

Rula aliikagua kadi yangu, akaweka rula yake. Daftari lile limechapwa kwa Kiingereza, na safu ya mwisho, ya matokeo, ina maneno mawili yaliyokaa jirani ambayo mtu asiyejua angedhani yanasema kitu kimoja. Akachagua moja akaliandika. Nikamuuliza ameandika nini. Akasema nimemaliza dawa. Nikamwambia barua inatakiwa iseme nimepona.

"Shemeji, hayo ni mambo mawili," akasema. "Hili linasema dawa zimefika mwisho. Hili lingine linasema ugonjwa umefika mwisho. La kwanza nimeliona, pakiti tupu hii hapa. La pili sijaliona."

Ili alione, makohozi yangu yalitakiwa yapimwe mwezi ule, na taa ya darubini ya maabara ilikuwa imeungua wiki tano nzima bila mtu wa kuibadilisha. Mkuu wa kituo alikuwa na dawa ya tatizo hilo. Asubuhi ileile alimwamuru Rula awaandike wagonjwa wote kumi na mmoja kwamba wamepona, kwa sababu ripoti inaondoka Ijumaa na hataki kituo chake kionekane kibovu. Rula akamsogezea kalamu, akamwambia aandike mwenyewe na asaini. Mkuu akakumbuka ana kikao.

Yote haya niliyasikia kwa mfagizi, na badala ya kuona aibu niliona nafasi. Nikamwambia Rula kama bosi wake ameruhusu, yeye anajiona nani. Nikamwambia ana roho ya kwa nini, anataka nibaki kwake nikitumwa sabuni. Foleni nzima ilinisikia. Alinisubiri nimalize, akafungua droo, akatoa kikopo chenye kifuniko na karatasi ya kwenda maabara ya hospitali kubwa, ng'ambo ya mji. Nikohoe kesho asubuhi kabla ya kupiga mswaki, akasema, na wakikuta niko safi ataandika lile neno jingine kwa mkono wake.

Nilitoka pale nawaka. Na sasa niseme kwa nini nilikuwa na kelele nyingi vile.

Mgonjwa hupewa vidonge vya wiki nzima, na nyumbani huchagua mtu wa kumsimamia, amwone akimeza na kuweka tiki kwenye kadi. Msimamizi wangu alikuwa kaka. Mwezi wa tatu kaka akaanza kukohoa. Ni mwashi, akasema ni vumbi la saruji. Mkewe akamwambia apite zahanati, naye akaapa ni saruji, kikohozi akawa anaenda kukimalizia nyuma ya nyumba. Mimi nilimwona anavyokaza mkanda tundu baada ya tundu. Nilimjua mdudu yule, nilikuwa naye. Nikamwambia twende.

"Niandikwe na mke wangu mwenyewe?" akasema. "Mbele ya watu ninaowajengea?"

Basi tukagawana. Vidonge vinne kila asubuhi: viwili vyangu, viwili vyake, tiki moja kwenye kadi. Tulijiona wajanja. Tulikwenda hivyo miezi miwili ya mwisho, na pakiti zikaisha tarehe ileile zilipotakiwa kuisha.

Majibu yalitoka baada ya siku nne. Niliyasoma njiani, nikarudia kuyasoma nikidhani bahasha si yangu. Wadudu walikuwepo. Rula aliisoma karatasi, akaniuliza kwa sauti ile ya kazini kama dawa nilimeza zote. Kadi ilikuwa mezani, imejaa tiki, na uongo ulikuwa tayari mdomoni. Nikashindwa. Nikamwambia yote, na vumbi la saruji pia.

Hakunifokea. Heri angenifokea. Alivua miwani, akaishika.

"Miaka mingapi nimekaa kwenye kiti hiki nafundisha watu dalili," akasema. "Jasho, kukonda, kikohozi kisichoisha. Halafu narudi nyumbani nalala ubavuni mwake, naambiwa saruji. Na mwanangu yuko katikati yetu."

Kisha akanitazama. "Na wewe ulitaka nikuandikie umepona, ukapikie watoto wa watu."

Namkasirikia mkuu wa kituo, maana kwa kalamu yake Jumatatu ningekuwa jikoni, nimeinamia masufuria, napulizia sahani mia tatu. Namkasirikia kaka na heshima yake ya bure. Lakini hasira kubwa ni yangu mimi kwa mimi, na hiyo haina mlango wa kutokea.

Rula alilikata lile neno alilokuwa ameniandikia, juu yake akaandika kwamba matibabu yameshindwa. Akachukua vikopo vitatu, akaaga mapema kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile, tukatembea mpaka nyumbani.

Kaka alikuwa uani anaosha mwiko wake. Alipotuona pamoja alielewa. Akaanza kueleza haraka haraka kwamba kikohozi kimekwisha, wiki ya pili hii hajakohoa hata kidogo, amuulize mdogo wake huyu hapa. Rula aliipindua ndoo, akapanga vikopo juu yake, kimoja kimoja.

"Mume wangu, kikohozi kimekwisha, nimesikia," akasema. "Sasa nionyeshe kama umepona."

Kaka akanitazama mimi, akitaka nimsaidie tena. Nikatazama ukuta. Binti yao akatoka ndani na sare ya shule, miaka saba, akaviona vikopo vitatu vimepangwa. Akamuuliza mama yake chake ni kipi.