Udongo Mweupe wa Nazario

Wema wa Nazario na kiburi changu ndivyo vilivyomuua, na anayetaka kunitetea anyamaze.

Alikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, akarudi Muyinga, Burundi, na mkewe Lucia na jembe moja. Alichimba udongo mweupe, Lucia akauoka kwenye makaa na kuwauzia wajawazito, wanaoutafuna. Mimi Salima ni wa maabara, Gitega. Udongo ule nauchanganya na anilini, dawa yenye harufu mbaya, na katikati ya matabaka yake huota plastiki ya kijani inayopitisha umeme. Kisha mashine ya infraredi huumulika unga na kuchora mistari, nami naisoma nijue kama plastiki imeota.

Gunia lake la kwanza lilifika kavu, jepesi. Nikamsifu. Wiki tatu, kijani hakuna! Hata mstari wa maji yanayofungwa ndani ya udongo haukuwepo. Hapo ndipo ningemuuliza alivyoutayarisha. Wapi! Nikajifanya najua: udongo wa juu umechoka. Nikampigia simu.

"Mzee Nazario, hii udongo haiko muzuri. Chimba chini kabisa, mita ine."

"Mwanangu, mvua imenyesha. Kingo za shimo zimelegea."

"Mi niko na rapport ya kutoa kwa wakubwa, mzee. Fanya haraka, tafadhali."

"Haya. Kwa ajili yako nitashuka."

Siku ya pili shimo lilimfukia.

Nilienda msibani. Lucia hakunilaumu, na heri angenitukana. Alinipa kifuko.

"Huu aliuchimba kabla hujapiga simu, hatukuwahi kuuoka. Ule wa kwanza aliuoka mwenyewe, siku mbili kwenye makaa. Alisema wa kupeleka kwa wasomi lazima uwe safi kuliko wa sokoni."

Udongo ukiungua namna ile, matabaka hujifunga, hakuna kinachoingia tena. Ule mstari uliokosekana ulikuwa unaniambia hivyo hivyo, nami nikamtuma mzee wa watu shimoni.

"Aliuchimba wapi huu, mama?" nilimuuliza.

"Pale juu tu. Urefu wa mpini wa jembe."

Nilirudi Gitega, nikauchanganya. Kesho yake ulikuwa kijani, na mashine ikachora mistari yote niliyoitafuta. Wenzangu walinipongeza. Kwenye fomu kuna nafasi ya kuandika kina cha udongo.

Niliandika: mita moja.