Pazia la Mke Wangu

Shida yangu ilianza mwaka 1974. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, baba akafa, nikaacha shule darasa la tatu nikaenda kubeba magunia ya viazi Mbeya. Nyumba yangu ya Mlandege, hapa Iringa, nimeijenga kwa mgongo huu. Sikusaidiwa na mtu.

Mke wangu alipopooza upande mmoja, bado kila asubuhi alijikokota kufungua pazia la dirisha la mbele. Jirani yetu, mama muuza vitumbua, alikuwa akiliangalia. Jua likitoka na pazia halijafunguliwa, anakuja kupiga hodi.

Kijana wetu, fundi umeme, akamwonea huruma mama yake. Akafunga mota, pazia likawa linafunguka lenyewe saa kumi na mbili asubuhi.

"Mama, sasa umekuwa malkia," akamtania.

"Malkia gani anaamshwa na pazia?" Mke wangu akacheka.

Siku moja nilikwenda Mbeya kuchukua viazi, nikalala huko. Nimerudi kesho yake jioni namkuta sakafuni, amepoa mwili wote, anapumua kwa shida. Alianguka alfajiri akienda chooni. Alifia njiani tukimpeleka hospitali.

Msibani jirani alikaa kichwa chini. "Baba, pazia lilikuwa wazi. Nikasema mama ameamka, nikaenda zangu sokoni."

Sikumlaumu. Kijana aliomba aing'oe ile mota, nikakataa. Mama yake aliipenda.

Leo nina nyumba ya tofali za kuchoma, Fuso moja, shamba la viazi Mbeya, ng'ombe wawili, na pazia linalofunguka lenyewe kila asubuhi.