Risala ya Madawati

Kwetu huku mgeni rasmi haji hivi hivi bila kusomewa risala. Akija kufungua choo cha shule, risala. Akija kukabidhi mpira wa netiboli, risala. Na kwa miaka mingi mwandishi wa risala hizo katika kijiji chetu, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Tingi, nimekuwa mimi, mwalimu wa Kiswahili. Sikupigiwa kura. Niliandika moja nikiwa mgeni kazini, mgeni rasmi akatoa leso akajifuta macho, basi ikawa ndiyo kazi yangu ya pili.

Kwa hiyo mwenzangu mmoja, tuliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza pale Kilwa Kivinje, alipoamua kugombea udiwani wa kata yetu, alikuja moja kwa moja kwangu. Alinikuta barazani nachagua mchele.

"Mwalimu," akasema, "nataka maneno."

"Maneno ya nini?"

"Ya kushinda."

Nikacheka, nikamkaribisha chai. Alikuwa fundi pikipiki, mcheshi, anayependwa na watu, lakini mfukoni hana kitu. Nikamuuliza kampeni ataifanyaje, maana kata yetu ni pana na vijiji vimetawanyika. Akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyekubaliwa posa, kwamba kuna kampuni ya kokoto imempenda. Itampa magari mawili, spika, fulana, na pilau kila atakapohutubia.

"Wao wanataka nini?"

"Hawataki kitu. Wanapenda maendeleo."

Tulitazamana, tukanywa chai. Tulikuwa watu wazima, tena wenye akili zetu, lakini siku ile hakuna aliyetaka kuzitumia.

Kampeni zile, sitasema uongo, zilikuwa raha. Nilimwandikia hotuba tano. Alizisoma vizuri kuliko nilivyotarajia, na pale alipokwama alitania, watu wakapiga vigelegele. Wapinzani wake walikuja kwa miguu, sauti zimekauka. Yeye alifika na muziki unaotangulia kona mbili. Nilipata fulana mbili na khanga. Pilau niliila, nikafungasha na ya nyumbani. Alishinda bila jasho, nami nikatembea kifua mbele kama vile kura zote nimepiga mimi.

Miezi ikapita. Siku moja mwalimu mkuu akatuita ofisini akatangaza kwamba kampuni ileile ya kokoto inatuletea madawati. Tulishangilia kweli. Madarasa mawili ya chini watoto walikuwa wanakaa sakafuni, wanaandikia mapajani, sare zao nyuma zimekuwa rangi ya udongo. Mwalimu mkuu akanigeukia. Akanisogezea karatasi.

Niliandika risala ya kurasa mbili, nikaipiga picha nikamtumia diwani kwenye simu aipitie, kama ilivyo ada. Ikarudi jioni yake imechapwa vizuri, na ndani yake imeongezwa aya moja. Ilisema hivi: kwa moyo huohuo wa shukrani, sisi wananchi tunaiomba kampuni ikubali kupokea kilima cha mawe pamoja na mashamba yanayopakana nacho, kwa ajili ya uwekezaji wenye tija.

Nikaisoma mara tatu. Kwanza, mwenzangu hajawahi kusema neno "tija" tangu azaliwe. Pili, eti sisi ndio tunaomba kuchukuliwa! Na tatu, mashamba yanayopakana na kilima yanajulikana ni ya nani na nani. Moja ni la shangazi yangu, dada yake baba, aliyenilea baada ya mama kufariki.

Kesho yake, baada ya vipindi, nikaenda shambani kwake. Nilimkuta anafunga miganda ya ufuta, kiuno kimekunjwa kama cha msichana.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kusaidia au umekuja kusema?"

"Kusema."

"Basi sema huku unafunga."

Nikafunga miganda, nikamweleza yote: madawati, kampuni, ile aya. Nilipomaliza akauliza, "Hayo madawati ni mazuri?"

"Mazuri sana, shangazi. Mbao ngumu."

"Alhamdulillahi. Watoto wapate pa kukaa." Akafunga mganda mwingine, akaukaza. "Na mimi nikakae wapi?"

Nikaendelea kufunga. Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Mtoto wa Kivinje yule nimempigia kura mimi. Pilau yake nilikula. Hukuniambia nakula shamba langu."

Aliyasema anacheka, lakini mimi yaliniingia. Maneno yaliyomvuta kwenye ile pilau yalikuwa yangu.

Siku ya hafla ikafika. Turubai likafungwa, viti vya plastiki vikapangwa, madawati yakasimamishwa mbele yanang'aa, kila moja na jina la kampuni mgongoni. Mwakilishi wao alikuja na miwani ya jua, kijana mpole mwenye adabu, akatusalimia wote kwa mkono. Diwani alikaa kando yake. Nikaitwa kwenye kipaza sauti.

Nilisoma ukurasa wa kwanza vizuri. Nikafika kwenye ile aya. Nikairuka. Nikaenda moja kwa moja kwenye "tunakutakia safari njema," nikakunja karatasi, nikakaa. Watu wakapiga makofi. Mwakilishi alivua miwani akamtazama diwani. Diwani akatazama viatu vyake.

Alasiri alikuja nyumbani. Hakupokea kiti.

"Umeniaibisha."

"Aya ile uliandika wewe?"

Akasema, "Waliniletea imeandikwa tayari."

"Na wewe ukaipitisha."

"Ningefanyaje?" Sasa sauti ikampanda. "Gari lao nimepanda. Fulana zao nimegawa. Wakinipigia simu nawaambia nini, siwajui? Wewe mwenyewe hukula pilau?"

"Nilikula. Na nyingine nikafungasha."

Pale pale akacheka, kicheko kikamponyoka tu, nami nikacheka, na tukajikuta tumekaa wote kwenye mkeka. Akaniambia mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Kwamba tangu aapishwe hajawahi kulala usingizi wa kushiba. Kwamba akipita karibu na kile kilima anageuza uso, kana kwamba kilima kinamdai. Kwamba zamani watu walimwita fundi na akaitika kwa furaha, lakini sasa wakimwita mheshimiwa anageuka kuangalia nani yuko nyuma yake.

"Mla cha mwenzie na chake huliwa," akasema. "Tatizo, mimi sina changu. Wanakula cha watu."

"Kaseme basi."

"Wapi?"

"Mkutano mkuu wa kijiji. Ardhi ni ya wanakijiji. Waambie nani alikupa nini, halafu waache waamue wenyewe."

Akanywa maji, akaondoka bila kuahidi. Nilidhani nimempoteza rafiki.

Lakini kwenye mkutano, ajenda ya kilima ilipofika, alisimama. Hakuwa na karatasi. Akasema, "Ndugu zangu, kabla hamjasema lolote, mjue mimi katika jambo hili si mtu huru. Magari niliyokuja nayo kuomba kura yalikuwa ya kampuni hii. Spika ni zao. Fulana ni zao. Na ile pilau mliyokula ilikuwa yao."

Mzee mmoja nyuma akapaza sauti, "Lakini ilikuwa tamu!" Mkutano mzima ukavunjika kwa kicheko, na nadhani kicheko kile ndicho kilichomwokoa asizomewe.

Shangazi akanyoosha mkono. Akasema hana ugomvi na kampuni, barabara zinataka kokoto na vijana wanataka kazi. Ila mawe hayako upande wa mashamba tu. "Upande wa pili ni kichaka kitupu, hata nyani hawakai. Waombe huko. Na waombe wao, tusiwaombee sisi." Ikajadiliwa hadi adhuhuri, ikapitishwa hivyo: upande wa kichaka, kwa mkataba utakaosomwa mbele ya watu. Mashamba yasiguswe.

Kampuni ilinuna, ikakaa kimya muda mrefu, halafu ikarudi ikachukua upande uliotolewa. Kumbe mawe ni mawe. Vijana kadhaa wa hapa wanafanya kazi kule, wanalalamikia vumbi na kusifia malipo. Madawati hayakurudishwa, nilikuwa na wasiwasi huo kuliko wote.

Uchaguzi uliofuata, magari, spika na pilau vilikwenda kwa mtu mwingine. Mwenzangu alizunguka na pikipiki ya kuazima, mimi nyuma nimeshika kipaza sauti cha mkononi kilichokuwa kinakoroma. Watu walitupungia, walitupa maji, walitucheka kwa mapenzi. Alishindwa. Siku ya matokeo alilia kidogo, nami nilimwacha alie.

Nilihuzunika zaidi yake, naamini. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba mtu akisema ukweli watu watamlipa. Shangazi, nilipomlalamikia, alishangaa. "Tulimwambia ahsante," akasema. "Kura ni kitu kingine. Yule mpya ameahidi daraja."

Diwani mpya naye alikuja kwangu, mtu mzuri tu, akitaka hotuba ya shukrani. Nikamwambia nitamwandikia, kwa sharti moja: aya ya kwanza itaje nani amelipia nini katika kampeni yake. Akacheka, akadhani natania, akaaga. Nasikia hotuba aliandikiwa na mwanawe anayesoma Lindi, na haikuwa mbaya, ila ilikuwa ndefu.

Mwenzangu amefungua tena karakana yake pale njiani. Juzi nilimpelekea pikipiki ya shule, breki zimelegea. Nikamuuliza kama angepewa nafasi tena angekubali yale magari. Alikuwa amelala ubavu nyuma ya gurudumu, uso haukuonekana.

"Nipe spana namba kumi," akasema. Nikampa. Akakaza kitu, akakikaza tena. "Siku ile ningeyakubali tena," akasema. "Nilikuwa naona aibu kwenda kwa miguu."