Siri ya Ndoo Nyeupe

Walimwita Mama Ndoo. Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za jengo la maduka, na katikati yake ilikaa ndoo nyeupe ya plastiki yenye mwiko wa kupikia. Humo ndimo alimokoroga krimu yake ya uso: tyubu tatu za hii, nusu chupa ya ile, na vidonge alivyovisaga kwa kitako cha glasi. Kipimo kilikuwa jicho. Ukimuuliza ametia nini, anakutazama juu mpaka chini. "Siri ya kazi, mwanangu."

Na ujinga wake ulikuwa na majivuno. Kwake yeye chunusi ni chunusi. Uje na vidoti vyeusi vya puani, uje na vipele vyenye usaha, uje na yale mavimbe ya ndani yanayouma hata ukilaza shavu kwenye mto, unafungiwa kopo lile lile. Madaktari wa ngozi aliwabeza mchana kutwa. "Eti paka dawa miezi miwili ndipo uone nafuu. Si harusi itakuwa imeshapita?" Wateja, maana wapumbavu hawaadimiki, walicheka wakanunua.

Kisha binti yake wa pekee akaota vipele kidevuni. Vilikuwa vichache, vya kuisha kwa dawa ya kawaida ya duka la dawa na kuacha kuviminya. Thubutu! Mama mtu akamwekea kopo lake, akampaka kwa mkono wake kila akitoka kuoga. Wiki mbili uso ukawa laini, naye akamkalisha mtoto mbele ya kibanda awe tangazo. Mwezi wa tatu uso ukaanza kuwaka moto. Vipele vikajaa paji na mashavu, vyote saizi moja. Mwenye akili angeacha, yeye akazidisha. Binti akagoma kwenda shule, akawa anakula chumbani peke yake.

Shangazi wa mtoto ndiye aliyewakokota kliniki. "Wifi, mtoto anaharibika huku unamwangalia."

Chumba cha daktari kilitengwa na benchi la wagonjwa kwa pazia tu, na chini yake zilionekana ndala za wateja wawili wa Mama Ndoo. Daktari, mwanamke mpole, aliusogeza uso wa binti kwenye taa.

"Chunusi zina aina zake, mama, na kila aina ina tiba yake. Hizi zimeletwa na krimu. Nahisi ina dawa kali ya kutuliza uvimbe. Tukiikatisha ghafla, uso unaweza kulipuka zaidi, na makovu hayatoki. Nataka kujua mna nini humo na kiasi gani, nijue namna ya kumwachisha."

Mama Ndoo akazitupia jicho zile ndala. "Mitishamba tu, daktari." Mtoto wake anaungua, yeye anawaza biashara.

"Mama, sema," binti akasema. Alikuwa analia bila kujifuta, maana kujifuta kulimuuma.

Ndipo yule mjuzi wa mji mzima akainamisha kichwa. "Sijui."

"Hujui kiasi?"

"Sijui kilichomo. Hizo tyubu naletewa hazina maandishi. Navyo vidonge sijui ni vya nini."

Daktari akaweka kalamu chini. Binti akageuka, akautazama uso wa mama yake kama mtu anayeuona mara ya kwanza: mkavu, safi, hauna hata doa. Uso wa sabuni ya kufulia na maji. Miaka yote ile hajawahi kumwona akichota kwenye ndoo kwa ajili yake mwenyewe.

"Mama, mbona wewe huipaki?"

Mama Ndoo akayakwepa macho yake. "Naiogopa," akasema.

Siku ile ndiyo ilikuwa ya kwanza neno la kweli kumtoka tangu anunue ile ndoo. Nyuma ya pazia maongezi yalikatika, kisha ikasikika zipu ya mkoba ikifunguliwa, na kopo likiwekwa juu ya benchi.