Zafarani wa Ubwari

Kila mwaka, Shaabani ikielekea ukingoni, nyumba ya Mzee Majidi pale Gongoni, mjini Tabora, husoma hitima ya wazee wake. Wanaume hukaa sebuleni na barazani, wanawake hukaa chumba cha ndani, na uani masufuria hutokota. Huko uani ndiko mahali pa Bi Mwanahawa binti Fikiri. Alianza akiwa msichana wa kuchambua mchele nyuma ya mama yake, na mama yake naye alianza hivyo hivyo nyuma ya bibi. Hakuna aliyewahi kuwaita. Siku ikifika, wanakwenda. Ukimuuliza mtu wa Gongoni kwa nini ukoo mmoja hukaa mkekani na mwingine hukaa motoni, atakujibu, "Ndivyo tulivyozoea," kisha atakuuliza habari za kwako.

Kabla ya dua, Maalim Mabruki huwataja marehemu wanaosomewa. Huwataja kwa kichwa, kila mtu na baba yake, kuanzia Seif, Mwarabu aliyeijenga nyumba ile. Wakiisha, humalizia, "na watu wao wote." Hapo Bi Mwanahawa huinamisha kichwa, maana katika hao watu wao yumo Zafarani, mama wa bibi yake.

Habari za Zafarani alipewa na bibi, wakiwa wawili wanasuka mkeka. Alizaliwa Ubwari, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kwa watu ambao Tabora huwaita Wamanyema. Alikamatwa angali mtoto anayeng'oka meno, akavushwa kwa mtumbwi mpaka Ujiji, kisha akatembezwa Uvinza, akavuka Malagarasi, nyuma ya watu waliojitwika pembe za ndovu, hadi Tabora. Hapo Seif akamnunua. Jina la Zafarani alipewa na Seif. La kwao alilisahau, kwa udogo.

Darasa la nne mwalimu aliwafundisha biashara ya watumwa kwa kipindi kimoja, akachora ubaoni njia ya misafara, akaifuta. Mwanahawa alinyoosha kidole akasema yeye anamjua mmoja, ni wa kwao. Darasa zima lilicheka. Nyumbani mama yake alimchapa.

"Mambo ya ndani unayapeleka shule?" mama alimwambia. "Unataka wadogo zako wasiolewe?"

Akanyamaza. Aliolewa na fundi cherehani wa Kanyenye, akazaa, akamzika mume, akalea kwa vitumbua. Kwenye harusi za watu alimwona binti yake, Najiat, akipewa kitambaa cha kushikia sufuria kabla hata hajavua viatu. Zaidi ya mara moja alikirudisha kitambaa kwa mwenyewe na kusema, "Huyu leo mgeni, atakaa." Wakamwona mwanamke mwenye maneno, naye hakujali.

Mwaka huu, dada zake wote wakiwa wameshatangulia, alitafuta kichwani nani mwingine analijua jina la Zafarani kwa jinsi alivyosimuliwa yeye. Hakumpata. Najiat hupenda kusikia mengine. Basi yeye akifa, limezikwa naye. Akavaa baibui, akaenda kwa Mzee Majidi.

"Shikamoo, Mzee Majidi."

"Marahaba, Mwanahawa. Mchele umepungua?"

"Mchele upo. Nimekuja kwa jina la mtu."

Akamweleza kwamba anataka Zafarani atajwe kwa jina lake. Mzee Majidi alizungusha tasbihi.

"Lakini yumo," alisema. "Maalim husema na watu wao wote."

"Na babu yenu Seif tumtie humo humo, tuone kama mtaridhika."

Mzee alicheka bila kutaka. "Ulimi wa mama yako huo. Dada yangu, mambo ya rangi yamekwisha. Nitazame. Mimi Mwarabu gani? Nikienda Maskati leo, watanipitisha mlango wa nyuma."

"Huko unapitishwa mlango wa nyuma, na hapa mimi napita mlango wa uani. Basi tunajuana."

Mzee Majidi hakucheka tena. Alisema atamwambia Maalim.

Siku ya kuchambua mchele, Najiat alikuja mbio, uso umechanua. "Mama, Mzee amekubali. Atasomwa Zafarani binti Seif. Na mimi nimeambiwa nikae ndani, mkekani."

Recheli, jirani yao Mnyamwezi wa kanisa la Moraviani, alikuwa na ungo magotini. "Haya," alisema, "Mmanyema wangu leo amekuwa Mwarabu. Kesho hutakula ugali wangu, utataka tende."

"Nyamaza, mtani, mchele wako una mawe," alisema Bi Mwanahawa. Akamgeukia binti yake. "Seif hakumzaa Zafarani."

"Kuna ubaya gani? Binti zangu wataposwa na watu wa maana. Watasema wametoka nyumba ile."

"Wametoka nyumba ile kwa kununuliwa. Aliyekununua utamwita baba?"

"Hayo ni ya zamani, Mama. Nani ataumia?"

 Bi Mwanahawa alimtuma Najiat akamwambie Mzee kwamba jina hilo hapana. Najiat alikwenda, akarudi, akasema amefikisha.

Siku ya hitima pilau lilikuwa limeshapaliwa makaa juu ya kifuniko. Sauti ya Maalim ilifika uani, jina baada ya jina, kisha, "Na Zafarani binti Seif."

Bi Mwanahawa alitazama chumba cha wanawake. Najiat, mkekani, alitazama chini. Basi ujumbe haukufika. Alipangusa mikono kwenye kanga, akapita katikati ya wanawake, akasimama penye pazia la sebule.

"Maalim, samahani. Kumpa mtu baba asiye wake, chuoni mlitufundisha ni haramu. Siku hizi imeruhusiwa?"

"Haijaruhusiwa," alisema Maalim, akamtazama Mzee Majidi.

Mpwa wa Mzee, aliyetoka Dar es Salaam kwa ajili ya shughuli, alisema, "Bibi, haya si mambo ya hitimani."

"Nionyeshe pa kuyasemea, mwanangu, niende."



"Nilitaka kukuheshimu, Mwanahawa," alisema Mzee Majidi.

"Najua. Lakini uliyemheshimu ni Seif."

 Mzee alikuwa na wageni wake, na jina la nyumba yake, na hitima iliyokatika katikati. Maalim alimuuliza kwa sauti ya chini, "Nisemeje?"

Mzee Majidi alimwonyesha Bi Mwanahawa kwa kidevu. "Muulize mwenye mtu wake."

"Sema Zafarani wa Ubwari," alisema Bi Mwanahawa, "aliyeletwa mtumwa katika nyumba hii."

Maalim alisema vile vile, neno kwa neno, taratibu. Mpwa alichukua viatu vyake akatoka. Mzee Majidi aliitikia amina, na waliokuwa karibu naye wakaitikia.

Maalim alitakiwa aanze dua. Hakuanza. Kutoka chumba cha wanawake sauti ya kizee, ya mmoja wa wapishi kutoka mtaa wa Cheyo aliyekuja kupokea sinia, ilisema, "Na Tausi, naye aliletwa mtumwa. Sijui alitoka wapi."

"Na Tausi," alisema Maalim, "Mungu anajua alikotoka."

"Na Faraji, mpagazi. Alifia njiani," alisema mwingine.

"Na Faraji."

Najiat alikuwa amekunja uso na hakumtazama mama yake. Hata hivyo alisogea, mkeka ukapata nafasi ya mtu mmoja, na Bi Mwanahawa akakaa. Majina yalikuwa bado yanatoka, mengine kwa kusitasita, na harufu ya pilau ilikuwa imejaa nyumba. Mzee Majidi aliwageukia wageni wa barazani akawaambia chakula kitachelewa kidogo.