Kabati la Vitabu vya Baba

Nafundisha Wasso, na yeyote aliyewahi kuja huku kwa basi kutoka Karatu ataelewa kwa nini nilikipenda kifaa cha kusomea vitabu. Zamani nilikuwa nabeba begi zito, vitabu vinafika vumbi tupu na mgongo unaniuma. Sasa nina mamia ya vitabu kwenye kitu chembamba kuliko daftari, na chaji yake inakaa wiki kadhaa. Jioni wenzangu wanapoanza kupiga soga kwa Kimaasai, mimi Mwiraqw nisiyekielewa najichekesha kidogo, kisha naingia ndani kusoma. Bila kifaa hicho ningeshaomba uhamisho.

Kwa hiyo baba alipolalamika kwamba herufi zimekuwa ndogo, nilijiona nina dawa. Tangu mama afariki anaishi peke yake shambani, nje kidogo ya mji wa Karatu. Nikamnunulia kifaa kama changu, nikamjazia vitabu, nikakuza herufi mpaka akacheka.

"Hizi hata ng'ombe atasoma," alisema.

Kabati lake na vitabu vyote nikavipeleka shule ya msingi. Hakupinga, nami kwa ujuaji wangu nikadhani ameridhika.

Nilisahau watu. Kijijini kwetu kitu cha kuazima hakirudishwi kwa mikono mitupu. Aliyechukua kitabu kwa baba alikirudisha na maharage, au maziwa ya mgando kwenye kibuyu, akaketishwa, akapewa chai, wakabishana juu ya alichosoma mpaka ng'ombe wanarudi zizini. Kisha anachagua kingine, maana yake atarudi tena. Nimekulia katika nyumba ile, na bado nililiondoa kabati kwa mikono yangu. Nikikumbuka najichukia.

Nampigia simu kila Jumapili baada ya ibada. Miezi ilipita akinijibu kwamba anasoma vizuri, macho hayamsumbui. Siku moja nikamuuliza amefika kitabu gani.

"Sisomi. Kifaa nimemwazima jirani."

"Baba! Kile si kama kitabu kimoja. Ukimpa, umempa vyote."

"Najua, mwanangu."

"Sasa wewe utasoma nini?"

Nilisikia kuku wake, na hakukuwa na sauti nyingine.

"Amesema atakirudisha Alhamisi," alisema. "Nimeshafagia uwanja."