Sauti ya Mama kwenye Bafle Ndogo

Papa yangu aliongoza korale, kwaya ya kanisa letu huko Kabambare, tangu kabla sijazaliwa. Alipoanza kulalamika kwamba kompyuta yake inanong'ona tu, haiimbi, nilikuwa nafundisha katika mji wa Kasongo. Nikamnunulia bafle, yaani spika za mezani: mbili ndogo, pamoja na sabufa, lile sanduku la kutoa sauti nzito. Nikazifunga kwa kitenge, nikapanda pikipiki nyuma ya dereva, katoni mapajani. Tulizama matopeni mara mbili, na kila tulipotikisika nilikumbatia katoni kama mtoto mwenye homa.

Kesho yake asubuhi nikapanga kila kitu. Sabufa sakafuni, kwenye mguu wa meza. Bafle moja kushoto, moja kulia, waya zake nikazichomeka nyuma ya sabufa. Fishi ya kijani, ile ncha ya waya wa sauti, nikaiingiza kwenye tundu la kijani la kompyuta. Papa alisimama kando yangu, amevaa shati lake la Jumapili.

Alitaka wimbo mmoja tu, waliourekodi zamani. Mama ndiye anayeuanzisha peke yake, kwa sauti ya juu, kabla wanaume hawajaingia.

Nikabonyeza. Sauti ya Mama ikajaa nyumba, nyembamba, safi, bado ya msichana.

Papa akaendelea kungoja.

"Washa basi," alisema.

"Imewaka, Papa."

Wanaume wakaingia, sabufa ikanguruma, naye akapiga makofi. "Ee! Hiyo njo besi! Lakini mbona wimbo umeanzia katikati? Mama yako iko wapi?"

Alikuwa na hakika kwamba barabara imeziua zile mbili ndogo. Nami nilitaka iwe hivyo. Nikahamisha ya kushoto kulia, nikafuta fishi kwa kanga, nikapunguza besi, nikapandisha sauti mpaka mwisho. Mama akatoka jikoni, mikono imejaa unga wa muhogo.

"Punguza, mutoto yangu, inatuumiza masikio."

Kisha akamwona Papa ameinama, sikio lake limegusa kabisa bafle ndogo, macho amefumba kama mtu anayetafuta kitu gizani. Mama alielewa kabla yangu. Akajifuta mikono, akamkaribia.

"Papa watoto," alimwambia kwa nguvu, "niko naimba. Saa hii."

"Wapi?"

Akashika vidole vyake akaviweka kwenye kitambaa cha bafle. Kilikuwa kinatetemeka. Papa akatulia hivyo mstari mzima. Halafu akavitoa vidole polepole, akavitazama.

"Basi haiko mashini," alisema. "Iko mimi, masikio yangu."

Uongo nilikuwa nao tayari mdomoni: zimevunjika, nitazirudisha dukani. Nilichelewa kuusema. Nikaanza kulia, na yeye ndiye aliyenibembeleza. "Umefunga vizuri, mutoto yangu. Kila waya iko mahali pake." Akauliza kama Mama alikuwa ameanza kwenye noti yake ya kweli, au alipanda juu mno kama alivyozoea. Mama akacheka kidogo, akamwambia alipanda. Hakupanda. Nilisikia mwenyewe.

Jumapili nilikuwa bado pale. Papa hakwenda mbele. Aliketi benchi la nyuma, upande wa wanaume, mikono juu ya magoti, na watu wakageuka kumtazama mpaka wakaona haya. Korale ikasimama. Mama alikuwa safu ya kwanza. Alifungua mdomo, akaufunga. Akatoka kwenye safu, akapita katikati ya kanisa lote, akaenda kuketi kando yake, mwanamke peke yake katika upande ule. Hakuna aliyemkemea. Wengine wakauanzisha wimbo bila yeye, chini mno, nao wanaume wakashindwa kuufikia.

Sasa nikipiga simu, Papa anampa Mama moja kwa moja. Tunaongea habari za shamba na za watoto. Lakini tangu siku ile, hata ninapokwenda kuwatembelea, sijamsikia Mama akiimba, hata jikoni, hata anapodhani yuko peke yake.